Bushi Imekwisha: Ununue Mpira, Mkono Mzima au Mtumba?

Gari likianza kugonga chini kila linapovuka tuta, mwenye gari naye huanza kupapasa mifuko. Fundi wa kwanza atasema ni bushi. Wa pili atasema shokapu. Wa tatu atakuandikia orodha ya vitu saba, na ukivijumlisha utatamani kuuza gari lenyewe.

Tulia kwanza. Makala hii ni ya mwenye gari dogo la Kijapani la miaka ya 1990 au 2000, linalovutwa na matairi ya mbele, ambaye fedha yake ni ya kuhesabu na gari analihitaji Jumatatu asubuhi.

Jibu fupi ni hili. Kama mkono wa chini, ule ambao mafundi wengi huuita kontroli amu, haujapinda na boljointi yake bado ni ngumu, nunua bushi mpya za mpira, fungua mikono mwenyewe nyumbani, ipeleke kwenye mashine ya presi, ifunge mwenyewe, kisha lipia alaimenti. Kama boljointi nayo imechoka, nunua mkono mzima mpya. Mkono wa mtumba uwe wa mwisho kufikiriwa.

Hakikisha kweli ni bushi

Hakuna hasara kubwa kama kubadilisha kitu kizima na kuacha kibovu. Ile ko-ko-ko nyepesi kwenye barabara ya vumbi yenye mawe madogo mara nyingi hutoka kwenye linki za stabilaiza, au kwenye vipande vya mpira vinavyoshikilia chuma cha stabilaiza. Vitu hivyo ni vya bei ndogo, havihitaji presi, na vingi hufungwa kwa spana za kawaida. Anzia huko.

Bushi ya mkono wa chini ina tabia yake. Hugonga mara moja, kwa uzito, unapokanyaga breki au unapoiachia. Gari huyumba au kuvuta upande ukifunga breki. Usukani unataka kusahihishwa kila mara hata barabara ikiwa imenyooka. Tairi la mbele linalika ubavu, hasa wa ndani.

Kipimo chake hakihitaji kompyuta. Gari likiwa juu ya stendi imara, ingiza mtaimbo mfupi kati ya mkono na fremu, kisha usukume taratibu. Bushi nzima husogea kidogo na kurudi mahali pake. Iliyokufa hufunua ufa mrefu, au huacha chuma kigonge chuma. Mikunjo midogo ya juu juu isikutishe. Ufa unaoingia ndani, au mpira ulioachana na chuma chake, ndio wa kukufungulia pochi. Baadhi ya magari yana bushi ya nyuma yenye maji mazito ndani. Ukiona imevuja, imekwisha, hata kama mpira wenyewe unaonekana mzuri.

Ukiwa huko chini, kagua na boljointi. Weka mtaimbo chini ya tairi lililo hewani, linyanyue na kulishusha huku mwenzako akitazama kiungo. Kikicheza, au mpira wake wa kufunika ukiwa umechanika na grisi imejaa mchanga, andika pembeni. Jibu hilo moja ndilo litakaloamua ununue nini.

Machaguo yaliyopo sokoni

*Bushi peke yake, mpira mpya.* Hii ndiyo ya bei ndogo kwa anayefungua mwenyewe. Mkono wa kawaida una bushi mbili: ya mbele ndogo, na ya nyuma kubwa inayobeba shida za breki. Kwa magari yaliyojaa barabarani, bushi hizi hazikosekani Gerezani, Kariakoo, wala Kirinyaga Road kwa walioko Nairobi. Kwa gari adimu, huenda ukaambiwa mkono huo huuzwa mzima tu. Kasoro yake kubwa ni kwamba lazima upate presi.

*Mkono mzima mpya, usio wa kiwanda kilichounda gari.* Unakuja na bushi zote zikiwa ndani, na mara nyingi boljointi pia. Unafungua wa zamani na kufunga mpya, basi. Bei ni kubwa zaidi, lakini huzunguki kutafuta presi. Ubora wake hutofautiana mno: chuma kinaweza kuwa kizuri huku mpira ni wa kudumu mwaka mmoja. Uliza swali hili kabla ya kulipa: "Huu una boljointi au hauna?" Kuna mikono inayouzwa bila boljointi, na muuzaji hatakukumbusha.

*Mkono wa mtumba.* Ukienda Shauri Moyo, Ilala, utaikuta mikono imepangwa chini, mingi ikiwa na chuma cha kiwanda kilicho bora kuliko cha mkono mpya wa bei rahisi. Tatizo ni mpira. Mpira hauzeeki kwa kilomita peke yake. Huzeeka kwa miaka, joto na mafuta. Mkono uliotoka Japani kwenye gari la umri sawa na lako una bushi za umri sawa na zako. Baadhi ya mikono hiyo imetoka sehemu za theluji ambako barabara humwagiwa chumvi, nayo chumvi hula chuma. Nunua mtumba pale tu mkono wako umepinda au umeoza kwa kutu na mpya haupatikani, kisha utie bushi mpya.

*Bushi za poliurethani.* Hizi ni za plastiki ngumu inayonyumbuka, mara nyingi nyekundu, bluu au nyeusi. Hudumu, hazichukii mafuta, na nyingi huja vipande viwili vinavyoingia kwa jiliwa la kawaida. Lakini ni ghali, hazipatikani kila duka, hupeleka mtikisiko wa barabara moja kwa moja kwenye bodi, na zikikosa grisi yake maalumu hulia kama kitanda cha chuma. Kwa gari la kwenda kazini na kupeleka watoto shule, hiyo ni fedha ya ziada kwa raha pungufu.

Kuna na zile za kuchongwa, za nailoni au mpira wa tairi kuukuu. Kwenye mkono wa chini ziache. Bushi ya kiwandani haizunguki. Mpira wake umegandishwa kwenye chuma, hujipinda mkono unapopanda na hurudi unaposhuka. Ya kuchonga husuguana na chuma, na baada ya muda mfupi tundu limepanuka na mgongano umerudi.

Weka namba mezani

Bei hubadilika kwa mtaa, kwa aina ya gari na kwa sura ya mteja. Namba zilizo hapa ni za mfano tu, za kuonyesha namna ya kupiga hesabu. Ukishaulizia maduka matatu, futa zangu uweke zako.

Tuseme unabadilisha pande zote mbili: mikono miwili, bushi nne.

Bushi peke yake: nne kwa shilingi za Tanzania 20,000 kila moja ni 80,000. Presi, kutoa na kuingiza, 5,000 kwa kila bushi ni 20,000. Boda kwenda na kurudi 6,000. Pini mpya na mafuta ya kulegeza kutu 10,000. Alaimenti 30,000. Jumla 146,000.

Mikono mizima mipya yenye boljointi: miwili kwa 90,000 ni 180,000. Pini na mafuta ya kutu 10,000. Alaimenti 30,000. Jumla 220,000.

Mikono ya mtumba: miwili kwa 45,000 ni 90,000. Ongeza 10,000 na 30,000 zilezile. Jumla 130,000.

Poliurethani: nne kwa 45,000 ni 180,000. Kutoa bushi za zamani kwenye presi 10,000, boda 6,000, mafuta na pini 10,000, alaimenti 30,000. Jumla 236,000.

Tazama mambo mawili. La kwanza, mtumba uliokuwa unang'aa kwa bei umeokoa 16,000 tu dhidi ya bushi mpya. Bushi zake zikifa mapema, utafungua tena na kulipa alaimenti tena, na hiyo 16,000 imeliwa mara mbili.

La pili ni boljointi. Kama zako zimechoka, na mpya ni 30,000 kila moja, njia ya kwanza inapanda kutoka 146,000 hadi 206,000. Sasa iko nyuma ya mkono mzima kwa 14,000 tu. Kwa tofauti hiyo, chukua mkono mzima uokoe siku yako. Ndiyo maana nilisema boljointi ikaguliwe kabla ya kwenda dukani.

Gharama zisizosemwa

*Alaimenti.* Ukigusa mkono wa chini, umegusa pembe za tairi. Fundi wa pembeni ya barabara anaweza kukwambia "imekaa ileile, bosi". Haijakaa. Kukwepa 30,000 ya alaimenti ni kukubali kununua tairi mbili kabla ya wakati wake.

*Winga.* Kariakoo utapokelewa kabla hujafika dukani. Winga ni kijana mchangamfu, anajua kila kona, na cha juu chake kimo ndani ya bei utakayotajiwa. Ingia dukani mwenyewe, taja unachotaka, uliza bei, toka, nenda duka la pili. Hata fundi wako akikuelekeza duka moja tu, ulizia na la jirani yake.

*Bei mbili.* Utasikia bei "ya risiti" na bei "bila risiti". Risiti ya EFD ndiyo ushahidi wako pekee spea ikiwa mbovu au feki. Kwa kitu kinachoshika tairi la gari, usiiache.

*Spea isiyoingia.* Magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kuwa na mikono tofauti. Piga picha kibati cha gari chenye msimbo wa modeli na namba ya chasisi, umwonyeshe muuzaji. Kubaliana kwa maneno ya wazi, yaandikwe nyuma ya risiti, kwamba isipoingia inarudi. Maduka mengi yana tangazo ukutani kuwa mali ikiuzwa hairudi. Afadhali ulisome kabla ya kutoa fedha.

*Bolti iliyoshikwa na kutu.* Bolti ndefu ya mkono wa chini inaweza kugandana na bomba la ndani la bushi. Ikikatika, Jumamosi yako imekwisha na unatafuta mtu wa kuchomelea. Ipulizie mafuta ya kulegeza kutu siku mbili kabla, asubuhi na jioni.

*Gari kulala juu ya stendi.* Presi nyingi hufungwa mapema Jumamosi na hazifunguliwi Jumapili. Ukianza saa nane mchana, Jumatatu utapanda daladala. Anza saa moja asubuhi, mikono iwe presini kabla ya saa nne.

Je, kufungua nyumbani kunalipa?

Kwa mfano wetu, tuseme fundi anataka 60,000 kufungua na kufunga pande mbili. Hiyo ndiyo akiba yako. Lakini kama huna stendi za jeki, na jozi moja ni 60,000, safari ya kwanza hujaokoa kitu. Akiba inaanza kazi ya pili. Azima kwa jirani mwenye vyombo, au nunua ukijua ni mali ya kukaa.

Unachohitaji: jeki, stendi mbili, soketi na spana za ringi, mpini mrefu wa kulegezea, nyundo, mtaimbo, na spana ya kupimia nguvu ya kukaza, ya kuazima pia inatosha. Kama uwanja wako ni wa mchanga, weka ubao mnene chini ya kila stendi, kabari nyuma ya matairi ya nyuma, na tairi la akiba lilale chini ya ubavu wa gari. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika ya kuokota nati.

Kuna gari la kumwachia fundi bila kubishana: lile ambalo springi, au chuma kirefu kinachofanya kazi ya springi, kinakaa juu ya mkono wa chini wenyewe. Magari mengi makubwa ya barabara mbaya yako hivyo. Ukifungua bolti isiyofaa, springi hutoka kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Kwenye gari dogo ambalo springi imezunguka shokapu, mkono wa chini hutoka kwa usalama.

Hatua tatu zinazoamua bushi idumu

Ya kwanza ni alama. Kabla mkono haujaenda presini, tazama bushi ya nyuma. Mara nyingi ina matundu mawili kwenye mpira, au mshale mdogo pembeni. Matundu hayo si pambo. Yameelekezwa upande fulani ili bushi iwe laini huku na ngumu kule. Chora mstari kwa rangi kwenye chuma cha mkono, piga na picha. Mwenye presi ana foleni. Hatakumbuka upande wa bushi yako.

Ya pili ni presi yenyewe. Simama hapo uone. Chuma cha kusukumia kiguse ganda la nje la bushi, kamwe si mpira wala bomba la katikati. Akitaka kuichoma kwa moto ili itoke upesi, kataa: moshi wa mpira ni sumu, na joto kali hudhoofisha chuma. Kama presi iko mbali, bolti ndefu nene yenye nati, washa nene na soketi mbili za ukubwa unaofaa huvuta bushi ndogo polepole. Ile kubwa ya nyuma ipeleke presini.

Ya tatu haigharimu hata shilingi, na ndiyo inayorukwa zaidi. Nilijifunza kwa hasara. Miaka kadhaa nyuma nilifunga bushi mpya, nikakaza kila bolti kwa nguvu zangu zote gari likiwa bado hewani, matairi yananing'inia. Nilijisifu. Baada ya miezi michache mgongano ulirudi. Nilipofungua, mpira ulikuwa umechanika kuzunguka bomba la katikati, mpasuko safi kama mkate uliokatwa kwa kisu. Nikamlaumu muuzaji kwa wiki nzima.

Muuzaji hakuwa na kosa. Ukikaza bolti mkono ukiwa umening'inia, bomba la ndani hushikwa katika pembe hiyo. Ukishusha gari, mkono hupanda na mpira unabaki umepinda, mchana na usiku, hata gari likiwa limeegeshwa. Kila tuta linaupinda zaidi. Kwa hiyo ingiza bolti zote, zibane kidogo tu, kisha tanguliza uzito: nyanyua mkono kwa jeki kutokea chini ya boljointi mpaka gari lianze kuinuka kidogo kwenye stendi yake, au shusha matairi juu ya mbao nene. Hapo ndipo ukaze kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Weka pini mpya kwenye boljointi, tembeza gari kilomita chache, kagua bolti tena, ndipo uende alaimenti.

Dukani, tumia vidole

Mwambie muuzaji akupe bushi mbili za bei tofauti, uzishike pamoja. Pitisha ukucha pale mpira unapokutana na chuma. Kusiwe na mwanya. Tazama unene wa ganda la nje. Jembamba sana hujikunja kwenye presi. Pima kipenyo cha nje, tundu la ndani na urefu, ulinganishe na ya zamani kama tayari unayo mkononi. Boksi zuri lisikubabaishe, maana boksi huchapwa popote. Maandishi yaliyochongwa kwenye chuma yakiwa yamefifia au yamepinda, rudisha.

Ukisikia "kaka, hii ni orijino kabisa" kwa bei ya nusu, shukuru na uondoke. Kati ya ya chini kabisa na ile ya kiwanda, kuna ya kati yenye risiti na ruhusa ya kurudisha. Kwa gari lenye umri, hiyo ndiyo ya kununua.

Kwa fedha uliyonayo

Kwa namba zetu za mfano: ukiwa na kama 150,000 na boljointi ngumu, bushi mpya pande zote. Ukiwa na 220,000 na boljointi zinazocheza, mikono mizima. Ukiwa na nusu ya hiyo, fanya upande mbovu zaidi sasa na ulipie alaimenti, ukijua utailipia tena ukifika upande wa pili; si vizuri, lakini ni bora kuliko mtumba pande mbili.

Ukiwa na fedha ya linki tu, funga linki, punguza mwendo, na kagua mpira kila mwisho wa wiki. Ila kama ni boljointi inayocheza, au bushi imeachana kabisa na chuma, gari lilale. Boljointi ikichomoka, tairi hulala chini na usukani haukusikii.

Na kama mwishoni utamkabidhi fundi kazi yote, mwambie tangu mwanzo unataka spea za zamani mkononi. Zihesabu: bushi nne, kila moja na ufa wake. Akikupa tatu, muulize ya nne iko wapi kabla hujalipa, kwa sababu huenda bado iko kwenye gari lako.